Picha Thelathini na Nane

Habari ya kifo cha Koko Hadija ilinifikia Jumamosi asubuhi hapa Andoany, kisiwani Nosy Be, nikiwa nimezungukwa na wanafunzi wangu sita wa kupiga picha. Hawa si mafundi, ni watu wa kawaida wanaopenda picha: karani wa benki, muuguzi, mwalimu wa shule ya msingi, vijana wawili wa hoteli, na mama mmoja mwenye kamera kubwa kuliko subira yake. Nilikuwa nawaambia neno ninalowaambia wote wanaoanza: kabla hujamwita mtu asimame mbele yako, hakikisha chombo chako kinafanya kazi, piga ukuta kwanza, tazama ulichopata, ndipo umsumbue binadamu. Karani wa benki akacheka, akasema siku hizi picha huonekana papo hapo, kuna haja gani ya wasiwasi wote huo. Simu ikalia. Alikuwa Ahamada, mwana wa Koko, kutoka Mahajanga. "Mama ametangulia," alisema. "Alfajiri. Tunamzika leo." Kwa watu wa Mahajanga wenye asili ya Ngazija, koko ni bibi, naye Hadija alikuwa koko wa mtaa mzima, hata wangu mimi nisiyekuwa wa damu yake. Niliwaruhusu wanafunzi waende. Sikuweza kuwaeleza kwamba somo lile nililipata nyumbani kwa mama huyo, na kwamba yeye na mwalimu wangu, aliyekwisha kufa zamani, ndio pekee waliojua nililipata kwa njia gani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nami nikiwa na umri wa miaka ishirini. Nilifanya kazi kwa Fundi Zafy, Mmalagasi wa makamo, mwembamba, mwenye studio ya chumba kimoja na nusu kwenye barabara inayopanda kutoka bandarini. Chumba kilikuwa cha kupigia picha, ile nusu ilikuwa ya giza. Ukuta wa mbao uliovitenga ulikuwa mwembamba hivi kwamba nikiwa gizani nasafisha filamu nilisikia yote yaliyosemwa kwenye benchi la wateja: duka gani limepata sabuni, nani amehama, nani ameandika barua na nani ameacha kuandika. Wanawake waliotoka kuchuma ilangi-ilangi, yale maua ya manukato, waliingia na harufu yao, na hata walipoondoka, benchi liliendelea kunukia hadi jioni. Adhuhuri mke wa Fundi alituletea wali na samaki wa nazi, na maji yaliyochemshiwa kwenye ukoko wa sufuria. Fundi alikula kwa mkono mmoja, kwa mwingine akiinua negativu zangu dirishani. "Kivuli cha pua kimeangukia mdomoni," alisema siku moja. "Bibi huyu umemwotesha masharubu." Ndivyo alivyofundisha. Mtu asimame ubavuni mwa dirisha, na upande wa pili utundike shuka nyeupe ili mwanga urudi usoni. Viwiko vibane mbavuni, toa pumzi, ndipo ubonyeze. Lenzi usiifute kwa ukosi wa shati. Tumia kitambaa cha pamba kilichochakaa, na lenzi uihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na mchele uliokaangwa na kufungwa kitambaani, kwa maana unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya kioo, na ukungu hula lenzi kama nondo anavyokula nguo. Lakini neno alilolirudia kiasi kwamba hata usingizini angelisema lilikuwa hili: "Ukishapakia filamu, sogeza wenzo wa kuvutia filamu na utazame kipini cha kushoto, kile cha kuirudishia. Kipini kikizunguka, filamu imeshika. Kisipozunguka, unapiga hewa."

Mwaka ule filamu zilikuwa adimu. Bidhaa nyingi hazikuwa zikifika, na filamu ilikuja mojamoja, mfukoni mwa baharia fulani. Tulikuwa tumebakiwa na tatu tu, na Fundi alizilaza kwenye kikopo chao kama mayai. Ndipo ikaja barua kutoka kwa Koko Hadija. Katika zile siku mbaya za miaka miwili nyuma, ambazo watu wetu hawapendi kuzitaja, watu wenye asili ya Ngazija waliposhambuliwa mjini, nyumba yao ya Mahajanga iliungua, na humo ziliungua picha zote za ukoo, tangu za babu hadi za arusi. Tangu hapo jamaa wengi walikuwa wamekwisha kwenda Ngazija. Sasa mwanawe mkubwa, Saindu, naye alikuwa anaondoka pamoja na mkewe, watoto wake, na ndugu kadhaa, watu tisa kwa jumla. Koko alitaka picha ya kila mmoja wao kabla hawajapanda boti, na alitaka mpigaji awe mwanamke, ili wanawake wa nyumbani wakae bila kujificha. Fundi aliisoma barua mara mbili, mguu wake uliovimba umeinuliwa juu ya kiti. "Wamemtaka mwanamke," alisema. "Basi ni wewe." Akafungua kikopo akanipa filamu moja. "Thelathini na sita. Usinipigie mbuzi."

Nilifika Mahajanga kwa boti ya mizigo, nikapokewa katika vyumba viwili vya kupanga mtaani Mangarivotra, vyenye ua mdogo wa saruji. Chumba cha mbele kilijaa mabunda yaliyofungwa kwa kamba, na juu ya mabunda wamelala watoto. Tulizungumza Kimalagasi, na Koko alipokuwa na hasira au huruma alirudi kwenye Kingazija chake. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata baadaye Unguja, nilikoolewa. Chakula cha jioni kilikuwa mkate na nyama ya kusaga yenye bizari, na mokary, vile vitumbua vya mchele na nazi ambavyo Koko alivikaanga mwenyewe akiwa amechuchumaa mlangoni. Tuliketi wote kwenye mkeka mmoja. Saindu alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kujaza chumba. Ahamada, mdogo wake, alikuja kutoka kazini bado amevaa shati la kiwandani. Haikunichukua muda kugundua kwamba ndugu hawa wawili hawasemezani.

"Mama," alisema Saindu, "mwambie mwanao anipe chumvi."

Ahamada hakumtazama. "Mama, mwambie mwanao kwamba huko aendako chumvi ni nyingi."

Koko aliichukua chumvi mwenyewe akaiweka katikati ya mkeka. Baadaye, tukiosha vyombo, mke wa Saindu alininong'oneza kisa chake. Siku nyumba ilipoungua, Ahamada alikuwa Marovoay kwa wakwe zake, Wamalagasi. Saindu ndiye aliyembeba mama yao mgongoni. Aliporudi Ahamada, kaka yake alimwambia mbele ya watu, "Sisi tulikuwa tunaungua, wewe ulikuwa unakula." Ahamada akajibu kwamba yeye amezaliwa mji huu na atazikwa mji huu, anayetaka kukimbia akimbie. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho ana kwa ana, na ilikuwa imekaribia kupita miaka miwili.

Siku ya pili baada ya sala ya alasiri watu walikusanyika uani. Boti ilikuwa iondoke kesho yake, alasiri vilevile. Mjomba Mbaraka, kaka yake Koko, ambaye naye alikuwa msafiri, alikaa kwenye kiti pekee chenye mikono, akanipima kwa macho tangu viatu hadi ushungi. "Nosy Be nzima haina mwanamume wa kupiga picha," alisema, "hata tuletewe mtoto wa kike?" Koko akamjibu, "Mimi ndiye niliyemwita." Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuchomeka. Fundi Zafy, kila alipopakia filamu, aliwageuzia watu mgongo, akaenda kivulini, akafanya taratibu kama anayemvisha mtoto mchanga. Mimi nilipakia palepale, mbele ya Mjomba, kwa madaha, mara moja mbili tatu, nikafunga kifuniko kikalia ka! Mjomba akainua nyusi. Niliona fahari. Kipini cha kushoto sikukitazama.

Nilifanya kazi vizuri siku ile. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Wanawake walikuwa wamejipaka msindzano usoni, ile dawa ya mti ya rangi ya malai, nami nilikumbuka kwamba kipima mwanga hakijui uso, kinajua mwanga tu. Ukikiacha kiamue kwa uso uliopakwa, macho na shingo vitazama gizani. Kwa hiyo nilipima juu ya kiganja changu, nikafungua lenzi kidogo zaidi. Eshati, binti wa Saindu wa miaka minne, nilimpigia nikiwa nimelala kifudifudi kwenye saruji, kwa sababu mtoto akipigwa kutoka juu huonekana kama kitu kilichoangushwa. Nilibadili mahali kadiri jua lilivyosogea. Hata Mjomba alianza kunitii nilipomwambia ageuze bega. Kisha, kila mtu alipodhani tumemaliza, Koko akasimama katikati ya ua.

"Saindu. Ahamada. Njooni hapa."

Hakuna aliyesogea. "Mama," alisema Saindu, "mambo haya tumekwisha kuyazungumza."

"Siwaambii mpatane. Nimewabeba kwa tumbo moja. Nawaambia msimame."

Wakaja, kila mmoja kwa upande wake, wakasimama ukutani wakiacha nafasi ya mtu wa tatu kati yao. Nikawaweka kwenye kidirisha cha kamera. Saindu alinitazama mimi, taya limekaza. Ahamada alitazama chini. Fundi alikuwa ameniambia usibonyeze watu wanapokuwa tayari, bonyeza wanapokuwa wamesahau. Nikasubiri. Jasho lilikuwa likinitiririka kwenye kope. Mtoto mmoja alikohoa, akanyamazishwa. Ndipo Saindu akapiga hatua moja ya ubavu, akainua mkono wake mzito, akauweka begani mwa mdogo wake. Nikabonyeza. Uani palikuwa kimya hata nikasikia shuta, kile kilango cha mwanga ndani ya kamera, ikifunguka na kujifunga. Koko alijiziba mdomo kwa ncha ya shiromani aliyojitanda, na mabega yake yakatikisika.

Nilitaka kupiga nyingine. Wenzo ukasogea, mwepesi. Nikatazama namba: thelathini na nane. Filamu ya thelathini na sita, mpakiaji mzuri huweza kuibia moja au mbili zaidi, kwa hiyo niliusogeza tena. Thelathini na tisa. Tena. Arubaini. Kila nilipouvuta, kipini cha kushoto hakikusogea; nilipokizungusha kwa kidole, kikazunguka bure, bila uzito wowote, kama kifuniko cha chupa tupu. 

"Umeipata?" Koko aliniuliza. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na alikuwa anatabasamu.

"Nimeipata, Koko."

Niliomba ruhusa niingie ndani, nikajifungia kabatini, nikajifunika blanketi, nikaifungua kamera kwa kupapasa. Ulimi wa filamu ulikuwa pale pale nilipouweka, umenyooka, haukushika kabisa. Nilikuwa nimepiga hewa mara thelathini na nane. Filamu ilikuwa nzima, haijaonja mwanga, na nje watu walikuwa bado wanazungumza. Ningetoka wakati ule nikasema ukweli, ningeaibika robo saa, na jua lilikuwa bado linatosha. Nimeshafikiria robo saa ile kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini nilimsikia Mjomba Mbaraka akimwambia mtu, "Kumbe anajua kazi, mtoto yule," na nikamsikia Ahamada akiaga mama yake na kuondoka, na lango likifungwa. Nikakaa gizani hadi magharibi ikaadhiniwa. Usiku ule niliamua kwamba nitawapiga wote upya kabla boti haijaondoka, na hakuna atakayejua.

Kulipopambazuka nilipakia filamu upya, kivulini, nimewageuzia watu mgongo, na nikakiona kipini kikizunguka. Kisha nikaanza kuwawinda. Mke wa Saindu nilimfuata sokoni Bazary Be, nikamdanganya kwamba Koko angependa picha moja ya pilikapilika. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, lile linalochimba mashimo meusi machoni mwa watu. Nikamvuta hadi ukingoni mwa turubai, uso kivulini, mwanga ukimrudia kutoka kwenye magunia meupe ya mchele. Vijana wawili, wapwa wa Saindu, niliwakuta mtaani Tanambao wakicheza mpira wao wa mwisho na marafiki, nami nikaongeza kasi ya shuta, nikawangoja mahali mpira utakapokwenda badala ya kuufukuza. Shangazi mzee nilimpiga amelala juu ya mabunda yaliyobaki, mdomo wazi kidogo, kwa kuwa sikuthubutu kumwamsha. Ndugu wawili wa Eshati niliwapiga wakicheza uani, naye Eshati aliona ni mchezo, akanifuata kutoka chumba hadi chumba akidai, "Na mimi tena, na mimi tena." Mjomba Mbaraka alikuwa kwa kinyozi.

"Jana ulinipiga tatu," alisema, povu limemjaa kidevuni.

"Jana jua lilikuchoma uso, Mjomba. Nataka moja ya heshima zaidi."

Alinitazama kwenye kioo cha kinyozi kwa muda mrefu mno. Nilidhani amenigundua. Kisha akamwambia kinyozi afanye haraka, akajifuta, akasogeza kiti mwenyewe hadi mlangoni, mwanga ukamwangukia ubavuni kama tulivyofanya studio. Ile ndiyo picha bora niliyopiga mwaka ule, na niliipiga viwiko nimevibana mbavuni hadi vikaacha alama.

Ilipofika adhuhuri nilikuwa na wanane. Aliyebaki ni Saindu, naye alikuwa ametangulia bandarini na mizigo tangu alfajiri. Ahamada alikuwa kiwandani. Nilijua kwamba wawili wale pamoja sitawapata tena. Nilitaka angalau mmoja. Nilifika bandarini nakimbia, kamera ikinigonga kifuani, na sikukumbuka kwamba bandari haipigwi picha hadi askari alipoushika ukanda wa kamera yangu.

"Unapiga nini hapa?"

"Sipigi kitu. Namtafuta mtu."

"Kwa kamera?" Alikuwa kijana kama mimi, naye alionekana anaogopa kama mimi. "Fungua nione filamu."

Kama angeifungua, wale wanane wangekufa papo hapo. Nikaikumbatia kamera kwa mikono miwili, nikaanza kusema maneno yasiyo na mpango, arusi, bibi, Nosy Be. Saindu ndiye aliyetokea. Alikuja kwa hatua zake pana, akasalimiana na askari kwa upole, akamwambia mimi ni mtoto wa nyumbani, nimekuja kuaga, kamera ni ya kazi. Askari akaniachia, akasema niondoke mara moja. Tulisimama nje ya lango. Nyuma ya Saindu alikuwa amesimama Mjomba Mbaraka, kidevu kinang'aa, anasikiliza.

"Kuna nini, mdogo wangu?" Saindu aliniuliza. "Mbona unahema?"

Palikuwa na ukuta mweupe hatua kumi kutoka pale, nje ya bandari, mahali pasipokatazwa. Ningesema tu, kaka, filamu yangu ya jana haikushika, simama hapa. Sekunde moja ingetosha. Nikamtazama Mjomba, nikasema, "Nimekuja kukutakia safari njema."

Akacheka, akanipiga begani taratibu. "Ile ya jana, mimi na Ahamada," alisema, akishusha sauti, "ya kwanza mpe Mama. Ukitoa nakala nyingine, nitumie na mimi kule."

"Nitakutumia," nilisema.

Nilirudi Mangarivotra kwa miguu. Nyumba ilikuwa imekuwa kubwa kwa utupu. Koko alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, mbele yake sahani ya mokary zilizobaki, hakuzigusa. Nilikaa chini nikamwambia yote, tangu madaha ya kupakia hadi lango la bandari. Sikulia, nilidhani kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze. Nilipomaliza nilisikia honi ya boti kutoka mbali, naye aliisikia.

"Wanane unao?" aliuliza mwishowe.

"Wanane ninao."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Alichukua mokary moja, akaigawa mara mbili, akairudisha sahanini. "Ahamada akijua hakuna picha, atasema hata kusimama hawakusimama. Namjua mwanangu. Kwa hiyo sikiliza. Hao wanane utaniletea. Ya tisa, ile ya wanangu wawili, iko sandukuni mwangu."

"Koko, haipo."

"Iko sandukuni mwangu," alisema, kwa Kingazija. Hakuinua sauti.

Fundi Zafy nilimwambia siku niliyorudi, kwenye chumba cha giza, maana mle hatuonani uso. Hakunifokea. Wiki nzima alinikalisha na filamu mbovu, macho nimefumba, nipakie na kupakua hadi vidole vikajua njia vyenyewe. Jioni ya mwisho alisema, "Kosa la filamu kila mmoja wetu hulifanya. Lile la bandarini umelifanya peke yako." Tangu hapo sijapata kusikia neno lililonyooka zaidi, na kila nikikosea kazini ndilo ninalojiuliza: hili ni la filamu, au la bandarini?

Koko alimwambia Ahamada kwamba picha imefika. "Mwandikie ndugu yako kwanza," alimwambia, "ndipo nikuonyeshe." Nadhani Koko aliamini kwamba mwanawe ataandika, na barua ikishakwenda na kurudi, picha haitakuwa na maana tena. Ahamada hakuandika. Kabla mwaka haujaisha ikaja habari kwamba Saindu ameshikwa na homa huko Ngazija na siku ya tano amefariki. Kitambulisho chake, chenye picha ndogo iliyogongwa muhuri, ya pekee iliyokuwa imebaki, kilipotea. Ahamada hakuomba kuonyeshwa kitu. Mimi nilikwenda Unguja, nikarudi na watoto, nikafungua studio yangu, na kila nilipopita Mahajanga nilikunywa chai na Koko kwenye mkeka ule ule, tukazungumza bei ya nazi na maumivu ya magoti, na sanduku lilikuwa pale, karibu na kitanda, na hatukulitaja hata mara moja.

Nilikwenda Mahajanga kwa arobaini ya Koko. Eshati alikuwa amekuja kutoka Ngazija, mara ya kwanza tangu alipobebwa kupanda boti. Mwanamke wa makamo sasa, mwenye kifua na sauti ya baba yake. Baada ya wageni kuondoka alifungua sanduku pamoja na Ahamada, nami nikaitwa. Zilikuwemo nguo, msahafu, na kitambaa cheupe kilichofungwa vizuri, ndani yake picha nane. Eshati alizipanga mkekani moja moja. Akageuza kitambaa. Akapekua nguo tena.

"Koko aliniambia kwa simu miaka yote kwamba Baba yumo humu," alisema. "Akasema wewe ndiye uliyempiga. Mama yangu hakuwa na picha yake. Mimi sura yake siikumbuki."

Nikawaambia. Safari hii nililia, maana sikuwa na wa kumficha. Eshati alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda akasimama mlangoni, akatugeuzia mgongo. Ahamada ndiye aliyenishangaza. Mzee yule, ndevu nyeupe, alikuwa amefumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado hajaamini.

"Miaka yote hii naiogopa picha ile," alisema. "Yeye ameniwekea mkono, na mimi natazama chini. Nilijua nilikuwa natazama chini. Nilijua siku Mama akinionyesha nitaona hilo, na watoto wataona hilo. Ndiyo maana sikuiomba." Akafumbua macho. "Wewe ulikuwa unatutazama. Nilikuwa natazama chini?"

Uongo ulinijia tayari mdomoni, mtamu, wenye huruma. Ningesema hapana, kaka, ulikuwa unamtazama. Nikakumbuka lango la bandari. Nikamweleza jambo ambalo wapiga picha wengi hawalifikirii. Katika kamera ile, unatazama kwa msaada wa kioo kidogo kilicho nyuma ya lenzi. Ukibonyeza, kioo huinuka kupisha mwanga uifikie filamu, na kwa kitambo hicho, sehemu ya sitini ya sekunde, mpigaji huwa haoni kitu. Anachokipata ndicho asichokiona.

"Kabla kioo hakijapanda ulikuwa unatazama chini," nilisema. "Hilo ni kweli. Katikati sikuona. Kioo kiliposhuka, ulikuwa umeinua uso, unamtazama yeye."

 Eshati alikuwa amegeuka mlangoni.

"Una hakika na hilo la mwisho?" aliuliza Ahamada.

"Hilo nina hakika nalo."

"Na Baba?" aliuliza Eshati. "Baba alikuwa anatazama wapi?"

"Alikuwa ameacha kunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mdogo wake."

Ahamada akamwonyesha Eshati mahali pa kukaa, karibu naye, juu ya mkeka. "Anza tena," aliniambia. "Polepole, mtoto huyu asikie. Anza pale Mama alipotuita." Nikaanza tena.